Nyakati za Kiingereza na ulinganishi: anzia kwenye Kiswahili chao

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa moja lina wanafunzi 74. Nimewafundisha nyakati zote 12 kwa jedwali, wamelikariri, na zoezi la kujaza nafasi wanalipata. Nikiwapa insha, nasoma “Yesterday I went to town and I buy shoes”, “He has wear a red shirt”, “I didn’t saw him”. Sasa tumefika kwenye ulinganishi, wananiandikia “Juma is tall than me” na “more better”. Jedwali nimelirudia mara tatu. Nimekosea wapi? Na hawa wa kidato cha pili, nianze nao upya?

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Sentensi zako tano nimezisoma na kuzirudia, na hakuna hata moja iliyoandikwa ovyo. Kila moja imefuata sarufi kwa uaminifu, ila sarufi iliyofuatwa ni ya Kiswahili. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka 7, anasimulia kwa Kiswahili, anagombana na wadogo zake kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Akitaka kusema jambo lake mwenyewe, anachota pale penye maji. Jedwali lako limekaa kichwani mwake kama vyombo vya wageni kabatini: siku ya zoezi vinatolewa, siku ya insha anakula kwenye sahani yake ya kila siku.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: acha kulirudia jedwali, mfungulie mwanafunzi kitenzi cha Kiswahili anachokijua tayari, umwonyeshe kila kiambishi kinavyovuka kwenda Kiingereza na kinapogoma kuvuka.

Mimi nililijua hili nimeshafundisha miaka tisa. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, mwandiko mzuri, aliyeniletea aya hii: “Yesterday I went to shamba with my mother. We dig, I fetch water, I cook and we sleep.” Nilipiga mstari mwekundu chini ya vitenzi vinne kama nilivyokuwa nikifanya kila wiki. Siku hiyo sijui kwa nini nikamwambia, hebu nisomee kwa Kiswahili ulichotaka kusema. Akasoma bila kusita: “Jana nilikwenda shamba na mama. Tukalima, nikachota maji, nikapika, tukalala.”

Sikiliza hapo. Kuna -li- moja tu, mwanzoni. Baada yake zinafuata -ka- nne. Kiambishi -ka- hakina wakati wake chenyewe, kinaegemea wakati uliotajwa kabla yake. Ukishasema “nilikwenda” umefungua mlango wa jana, na vitenzi vyote vya nyuma vinapita hapo hapo. Yule binti alifanya hivyo hivyo kwa Kiingereza: akaweka “went” moja, mlango ukafunguka, vingine akavipitisha vitupu. Na mimi miaka tisa nilikuwa nawaambia watoto wa namna yake kwamba hawako makini.

Wewe anza na hapo. Andika ubaoni aya fupi ya Kiswahili yenye -li- moja na -ka- tatu au nne, waache wao wakutajie viambishi. Watavitaja haraka, maana uchambuzi wa kitenzi wanafanya kwenye kipindi cha Kiswahili. Kisha waambie: Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi cha hadithi lazima kibebe wakati uliopita mgongoni mwake, hata kama cha mbele yake kimeshaubeba. Halafu mgeuze aya pamoja, mstari kwa mstari: “We dug. I fetched water. I cooked and we slept.” Baada ya hapo kila mtu aandike alichofanya jana tangu kengele ya mwisho hadi kulala, sentensi tano tu.

Utaona kwamba ninaanza na wakati uliopita, ilhali vitabu vingi vinaanza na wakati uliopo. Ninafanya hivyo makusudi. Mtoto wa miaka 14 ana visa vingi vya kusimulia, lakini hana hamu yoyote ya kuandika kwamba jua huchomoza mashariki. Tena vitenzi vyenye maumbo magumu ndivyo vinavyotumika kila saa: go, come, see, eat, give, buy, say, take. Wape 20 wanavyovihitaji kwenye visa vyao, uvipange kwa sauti badala ya alfabeti. Buy, bring na think zinakwenda pamoja, bought, brought, thought. Drink, swim na sing pamoja, drank, swam, sang. Cut, put na hit hazibadiliki. Vikiingia kwa mlio, vinakaa.

Sasa “I didn’t saw him”. Hili lina dawa ya haraka kuliko yote. Andika ubaoni “nilimwona” na chini yake “sikumwona”. Waulize: ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka, -ku- imeshika nafasi yake. Waulize tena, kuna mtu amewahi kusema “sikulimwona”? Darasa litacheka. Hapo hapo andika “I saw him” na “I did not see him”. Neno “did” limepokea mzigo wa wakati, kitenzi kimebaki kitupu, kama vile -ku- ilivyoipokea -li-. Nafsi ya tatu ni hivyo hivyo: “She goes”, lakini “She does not go”, kwa sababu ile s imehamia kwenye “does”. Mzigo ni mmoja na mbebaji ni mmoja. Waandike maneno hayo nyuma ya daftari, maana tutayahitaji kwenye ulinganishi.

Maswali ni magumu kidogo kuliko kukanusha, na sababu yake ni nyepesi: Kiswahili hakibadilishi kitu. “Ulimwona” ni habari na “Ulimwona?” ni swali, sauti tu imepanda. Ndiyo maana wanauliza “You saw him?” au “You have eaten?” Hapa hakuna daraja la kuvukia, ni mazoezi ya mdomo tu. Wapange wawili wawili waulizane.

Kiambishi -na- kina kazi mbili. “Baba anafanya kazi bandarini” na “Baba anafanya kazi, usimsumbue” yanatumia -na- ileile, lakini Kiingereza kinatenganisha: “My father works at the port” na “My father is working”. Kipimo unacho: jaribu kuweka hu-. “Baba hufanya kazi bandarini” inakubali, basi Kiingereza kinataka wakati wa mazoea, na s yake mkiani. “Hufanya kazi, usimsumbue” inagoma, basi ni “is working”. Watoto wa pwani wana hu- midomoni kila siku. Wa bara hawaitumii sana, lakini wote wameisoma, kwa hiyo kipimo kinafanya kazi kote.

Kuhusu ile s, waeleze kwamba Kiswahili kinamtambulisha mtendaji kichwani mwa kitenzi kwa kila nafsi: ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Kiingereza kwenye wakati huo kimebakiza alama moja tu, na imekaa mkiani. Sikio la Mswahili linasikiliza mwanzo wa neno, mwisho linaupuuza. Wasomee kwa sauti, ukiuma ile s. Halafu kuna mwanafunzi anayeandika “I am go to school”. Huyo amekata “ni-na-kwenda” vipande vitatu na kuvipa vipande vitatu vya Kiingereza. Ukimwonyesha amekata wapi, anaacha. Vitenzi vya kujua, kupenda, kutaka, kuhitaji, kuelewa na kuamini wape kama orodha ndogo ya kukariri, kwa kuwa “ninajua” ni “I know”, wala si “I am knowing”. Orodha nyingine sina haja nayo, lakini hiyo ina faida.

Twende kwenye -me-, maana ndiyo yenye mitego kuliko zote, na “He has wear a red shirt” imetokea huko. Nadhani uliisahihisha kuwa “He has worn a red shirt”. Usione vibaya, nami nimefanya hivyo mara nyingi. Mtoto alitaka kusema “amevaa shati jekundu”, na Kiingereza chake ni “He is wearing a red shirt”. Tukimwandikia “has worn” tunalitengeneza umbo na kuacha maana imepotea.

Somo la -me- lifanye kwa sweta. Mwite mwanafunzi mbele, mwambie avae sweta polepole. Kichwa kikiwa bado ndani, mikono inatafuta njia, uliza darasa: anafanya nini? “Anavaa sweta.” Andika: “He is putting on a sweater.” Sweta likishakaa mwilini, uliza tena. “Amevaa sweta.” Andika: “He is wearing a sweater.” Waache waitazame ile “is” mara mbili ubaoni. Kiswahili kimebadilisha -na- kuwa -me-, kitenzi kimebaki kilekile. Kiingereza kimeacha umbo vilevile na kubadilisha kitenzi chenyewe. Kisha mwambie akae. Akiwa anashuka, “anakaa”, “He is sitting down”. Akishatulia, “amekaa”, na Kiingereza kinasema “He is sitting”. Dakika nne hizo, na hawatazisahau mpaka wamalize kidato cha nne.

Sababu ni kwamba -me- ya Kiswahili mara nyingi haisemi kitendo kimetokea, inasema hali iliyobaki baada ya kitendo. Amelala ni “he is asleep”. Amesimama ni “he is standing”. Nimechoka, “I am tired”. Nimeshiba, “I am full”. Chai imepoa, “the tea is cold”. Mlango umefungwa, “the door is closed”. Waambie wakusanye wenyewe vitenzi vya namna hii kwa wiki nzima, waje navyo kwenye karatasi. Watakuletea amekasirika, amenuna, amelewa, amenenepa, na mjadala utakuwa mkali kuliko somo lolote la jedwali.

Zikishatengwa hizo za hali, -me- iliyobaki ndiyo inayovuka kwenda kwenye kile ambacho mtihani unakiita “present perfect”. Nimemaliza kazi, “I have finished the work”. Ameondoka, “He has left”. Hapa Kiswahili kinakupa kipimo kizuri sana: kanusha. Ukanushi ukitoka na -ja-, kama “hajaondoka”, Kiingereza ni “has not left yet”. Ukitoka na -ku-, kama “hakuondoka”, Kiingereza ni “did not leave”. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kuchanganya hajala na hakula. Anayetuambia hajala bado ana njaa na sahani inamsubiri. Aliyesema hakula, habari imekwisha. Tofauti ambayo vitabu vinaieleza kwa kurasa mbili, mtoto anayo tayari kinywani. Mpe tu jina lake la Kiingereza.

Mtego unaobaki ni neno la wakati. Kwa Kiswahili cha siku hizi watu wanasema “nimemwona jana” na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana unasoma “I have seen him yesterday”. Wape kanuni kavu: ukitaja jana, juzi, mwaka jana, saa mbili asubuhi iliyopita, au mwaka kama 2019, “have” inaondoka. Na kinyume chake ni “tangu”. Kiswahili kinasema “ninaishi hapa tangu 2019”, kwa -na-, kwa sababu bado naishi. Kiingereza kinadai “I have lived here since 2019”. Hiyo haina daraja, ikaririwe, pamoja na tofauti ya “since” inayotaka mahali pa kuanzia na “for” inayotaka urefu wa muda.

Wakati ujao usiupotezee vipindi. -ta- ni “will”, wanaijua. Kuna kosa moja tu la kulitazama: “When I will arrive, I will call you.” Linatoka kwenye “nitakapofika, nitakupigia”, yenye -ta- pande zote mbili. Waambie, kabla ya kuandika, waigeuze kwanza kuwa “nikifika, nitakupigia”. Sasa -ta- imebaki upande mmoja, na Kiingereza kinafuata sawasawa: “When I arrive, I will call you.” Na nyakati za maneno mawili ni zawadi. “Alikuwa anakula”, “he was eating”. “Alikuwa amekula”, “he had eaten”. Kiswahili kimeshaweka matofali mawili, wao wanahesabu tu. Vipindi viwili vinatosha.

Ulinganishi sasa.

“Juma is tall than me” ni Kiswahili kitupu: Juma ni mrefu kuliko mimi. Tazama neno “mrefu”. Halikuguswa. Kivumishi cha Kiswahili hakijui kuongezeka, kazi yote ya kulinganisha imefanywa na “kuliko”. Ukilipasua neno hilo, ku-li-ko, ni kama kusema “pale alipo”: Juma ni mrefu, ukimweka pale nilipo mimi. Na tunazo njia nyingine, anampita, anamzidi, anamshinda, zote zinakiacha kivumishi au nomino ya sifa bila mabadiliko. Hata methali, heri nusu shari kuliko shari kamili, inaanza na “heri” isiyobadilika. Kwa hiyo mtoto akishaweka “than” anaamini amemaliza, na kwa lugha yake kweli amemaliza. Mwambie “than” umepata, hiyo ndiyo kuliko, lakini Kiingereza kinataka pia kivumishi chenyewe kivishwe: “taller than me”.

“More better” na “more taller” zinatoka upande wa pili, kwenye “zaidi”. Bora zaidi, mrefu zaidi. Anaweka “more” kwa ajili ya zaidi, kisha anakumbuka jedwali na kubandika -er. Warudishe nyuma ya daftari: mzigo mmoja, mbebaji mmoja. Ama -er imeubeba au “more” imeubeba. Ni sheria ileile ya “did not see”, na ukiwaonyesha kwamba ni ileile, nyuso zinabadilika.

Lini -er na lini “more”? Vitabu vinasema hesabu silabi, na watoto wetu silabi wanazijua vizuri, maana wamefundishwa mizani za shairi. Tumia hiyo hiyo mizani. Lakini kuna shimo ambalo sikuliona kwa muda mrefu. Wakihesabu, wanahesabu Kiingereza walivyokisikia kwa masikio ya Kiswahili: “bigi”, “shoti”, “smoli”. Kwao “short” ina mizani mbili. Kabla ya kuhesabu, wapigishe makofi: short, kofi moja, big, kofi moja, hap-py, mawili, beau-ti-ful, matatu. Kofi moja, weka -er. Matatu na kuendelea, weka “more”. Mawili, yakiisha na y inageuka, happy kuwa happier, mengi yaliyobaki yanachukua “more”. Makofi hayo hayo yatakusaidia kwenye “walked”, ambayo ni kofi moja, si “woke-di”. Kurudia herufi kwenye bigger, hotter na fatter kupite haraka, ni jambo la tahajia. Good, bad na far zikaririwe.

“Kuliko wote” ndiyo inayozaa “the tallest than all”. Mkate hapo hapo: ikishakuwa “the tallest”, “than” haina kazi tena, sema “in the class” au “of all”. Na “kama” ya usawa, “Asha ni mrefu kama mama yake”, inakaa mara moja katikati. Kiingereza kinaizungushia pande zote mbili: “as tall as her mother”.

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ninayokuomba uyatenge, kwa sababu sarufi itakuwa sahihi na maana itakuwa mbovu. Mkubwa na mdogo: “Kaka yangu ni mkubwa kuliko mimi” mara nyingi ni “older”, na wao wanaandika “bigger”. Rahisi: “Nyanya za leo ni rahisi kuliko za jana” inakuwa “Tomatoes today are easier”, badala ya “cheaper”. Sahihisho la namna hii ni la maana kuliko herufi iliyorudiwa au kusahauliwa.

Na tafadhali, usilinganishe wanafunzi wenyewe kwa unene, sura, weusi au alama za mtihani. Najua ndiyo njia ya haraka ya kupata sentensi, na darasa linachangamka. Lakini yule binti aliyesimamishwa mbele ili wenzake waandike “fatter than” atalikumbuka hilo muda mrefu baada ya -er kusahaulika. Vitu vya kulinganisha vipo tele. Andika ubaoni Kilimanjaro mita 5,895, Mlima Kenya mita 5,199, kilele cha Margherita kwenye Rwenzori mita 5,109. Kisha weka maziwa mawili: Victoria lina eneo kubwa kuliko ziwa lolote Afrika, lakini kina chake cha juu ni kiasi cha mita 80 tu. Tanganyika ni dogo zaidi kwa eneo, na kina chake kinafika mita 1,470. Waandike “larger than”, “deeper than”, “the deepest lake in Africa”. Ninayapenda maziwa hayo kwa sababu yanamlazimisha mwanafunzi kufikiri analinganisha nini. Linaloshinda kwa eneo linashindwa kwa kina.

Somo la kuunganisha yote mawili, nyakati na ulinganishi, ninalo moja ambalo limenifaa miaka mingi. Ni ile fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa Nyuzilandi alikuwa nyuma yake kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu, dakika 3 na sekunde 33.2. Kabla ya siku hiyo rekodi ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 na sekunde 33.1, tangu 1967. Andika namba hizo tu ubaoni, simulia mbio kwa Kiswahili, simulia kama mtangazaji wa redio, na -ka- zako zote. Kisha waandike kwa Kiingereza.

Tazama kinachotokea. “Bayi ran faster than Walker.” “Jipcho was slower than Walker.” “Bayi was the fastest of all.” -ka- zinageuka kuwa vitenzi vilivyobeba wakati: “He started fast, he led and he won.” Na ile ya maneno mawili inapata kazi ya kweli: Ryun “had held the record since 1967”, kwa maana ya “alikuwa ameishikilia”. Mara ya kwanza nilipolifanya, mvulana mmoja aliyekuwa haandiki zaidi ya mistari miwili alijaza ukurasa. Alikosea mengi, lakini kila kitenzi chake kilibeba wakati.

Kuhusu kusahihisha madaftari 74: usisahihishe kila kosa. Wiki ya -ka-, tazama vitenzi vya wakati uliopita peke yake, mengine yote yapite. Kabla hawajakukabidhi, kila mmoja apige mstari kwa penseli chini ya vitenzi vyake mwenyewe na ajiulize kimoja kimoja kama kimebeba wakati. Wengi watajikuta wamejirekebisha kabla daftari halijafika mezani kwako. Chukua 15 kwa siku, aya fupi fupi, na uandike pembeni kiambishi badala ya neno sahihi. Ukiandika “-ka-?” kando ya “buy”, anajua cha kufanya. Ukimwandikia “bought”, amekipokea tu.

Utaulizwa kwa nini unasema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Katika dakika 40, ninatumia kama 10 za mwanzo, ubao ukiwa na kitenzi cha Kiswahili, na 30 zilizobaki ni Kiingereza cha kusema na kuandika. Anayelalamika mwonyeshe madaftari ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa tatu. Kama huko uliko watoto nyumbani wanasema Kisukuma, Kigogo au Kihehe, waulize na viambishi vya lugha hizo. Ni lugha za Kibantu, vitenzi vyake vimejengwa kwa namna inayofanana, na mtoto mkimya anaweza kukushangaza siku hiyo.

Kidato cha pili usianze nao upya. Hawana muda huo, wana upimaji wa taifa mbele yao, na wakiambiwa warudi mwanzo watakata tamaa. Chukua insha walizokwisha kuandika, chagua sentensi sita zenye makosa bila kutaja mwenyewe, mbili za -ka-, mbili za -me-, moja ya “did”, moja ya “kuliko”. Jumatatu waulize darasa: huyu alitaka kusema nini kwa Kiswahili? Anzia hapo, kosa moja kwa wiki. Kidato cha kwanza wape mpangilio wote, uliopita kwanza, kisha -na-, kisha -me-.

Jedwali lako usilitupe. Muhula ukielekea mwisho, lichore ubaoni likiwa tupu, safu 12 bila neno lolote ndani, na uwaambie walijaze kwa sentensi zilizotoka kwenye madaftari yao wenyewe.